Kadogo wa 1996 na Sanamu Ambayo Goma Haijaijenga

Tarehe 1 Novemba 1996 Goma ilitekwa. Askari wa Mobutu walikuwa wameshakimbilia magharibi, wakiwa wamepora walichoweza kubeba, na wenyeji walijifungia ndani wakisikiliza makombora. Milio ilipopungua, watu walichungulia madirishani wakaona vijana wakipita kando ya barabara, mmoja nyuma ya mwingine, wamevaa mabuti meusi ya mpira, yale yale ambayo mfugaji wa Masisi huvaa asubuhi akienda kukamua ng'ombe. Wengine walikuwa watoto kabisa. Sare ziliwapwaya, mikono ya mashati imekunjwa, bunduki ikiwagonga mapajani kila wanapopiga hatua. Walizungumza Kiswahili. Wenyewe walijiita wakombozi, na wananchi wakawaita kadogo.

Miezi saba baadaye vijana hao walikuwa Kinshasa, upande wa pili wa nchi iliyo kubwa kuliko Afrika Mashariki nzima ya wakati ule. Walikuwa wamemwondoa Mobutu Sese Seko baada ya miaka 32 madarakani. Serikali mpya ikaifanya Mei 17 kuwa siku ya ukombozi, fedha ikabadilishwa, na jina la Zaire likafutwa. Kadogo walioanguka njiani, kati ya Goma na mto Kongo, hawakupata hata kibao.

Ukiizunguka Goma leo utakutana na sanamu moja ambayo kila mtu anaijua, na sanamu hiyo si ya askari. Ni ya mtu anayesukuma chukudu, kigari cha mbao kisicho na injini. Kwa nini mji ulikoanzia mapinduzi makubwa kuliko yote katika historia ya Kongo huru haukuwasimamishia vijana wake sanamu? Nadhani jibu linahusu zaidi ya uzembe wa serikali. Linahusu jinsi mapinduzi yenyewe yalivyokwenda, na ndiyo maana inafaa kuyasimulia tangu mwanzo.

Miaka miwili ya mauti

Vita vya 1996 havieleweki bila Julai 1994. Baada ya mauaji ya kimbari ya Watutsi nchini Rwanda na kushindwa kwa serikali iliyoyapanga, zaidi ya watu 500,000 walivuka mpaka na kuingia Goma katika siku chache tu. Kati yao walikuwamo raia wa kawaida, wazee na watoto, lakini pia walikuwamo wanajeshi wa jeshi lililoshindwa na wanamgambo wa Interahamwe waliokuwa na damu mikononi. Kipindupindu na kuhara damu vilifuata. Katika mwezi wa kwanza peke yake walikufa karibu watu 50,000. Ardhi ya Goma ni mwamba wa volkano, jembe halipenyi, kwa hiyo maiti zilipangwa kandokando ya barabara zikiwa zimefungwa mikekani, mpaka wanajeshi wa Ufaransa walipoleta mashine za kuchimbia makaburi ya pamoja.

Walionusurika waliwekwa kambini: Mugunga upande wa Sake, Kibumba na Katale upande wa Rutshuru. Kambi hizo zikawa miji. Zilikuwa na masoko, baa na vinyozi, na ndani yake jeshi lililoshindwa lilijipanga upya, likakusanya kodi, likavuka usiku kwenda kuua Rwanda na kurudi. Mashirika ya misaada yalilisha wote kwa pamoja, aliyeua na asiyeua. Masisi nako kuliwaka: majirani waliokuwa wakigombania ardhi tangu 1993 sasa walikuwa na silaha nyingi zaidi na chuki mpya iliyoletwa na wageni.

Mobutu alikuwa mgonjwa. Agosti 1996 alipasuliwa Lausanne, Uswisi, kwa ajili ya saratani ya tezi dume, kisha akakaa kwenye jumba lake la pwani kusini mwa Ufaransa. Jeshi lake halikulipwa mishahara. Kivu ilikuwa imeachwa bila mwenyewe, na Kigali ilikuwa imeamua kuzivunja kambi zile kwa nguvu.

Wanne wa Lemera

Kwa mujibu wa tangazo lao wenyewe, muungano wa waasi wa AFDL ulizaliwa Lemera, kwenye milima ya Kivu Kusini, Oktoba 1996. Waliotia saini walikuwa wanne, kila mmoja akiwakilisha chama chake. Laurent-Désiré Kabila alikuwa mkongwe wa uasi wa Simba wa 1964. Baada ya uasi huo kuvunjika aliishi miaka mingi kati ya milima ya Fizi na jiji la Dar es Salaam. Che Guevara, aliyevuka Ziwa Tanganyika kutokea Kigoma Aprili 1965 ili kuwasaidia Simba, aliandika kwa uchungu kwamba Kabila alikuwa haonekani uwanja wa vita. André Kisase Ngandu naye alikuwa mfuasi wa Lumumba wa siku nyingi, mpiganaji aliyeujua msitu, na ndiye aliyepewa uongozi wa kijeshi. Déogratias Bugera alitoka Kivu Kaskazini. Anselme Masasu Nindaga alikuwa kijana kuliko wote, na ndiye aliyependwa mno na kadogo.

Nyuma yao, na mara nyingi mbele yao, lilikuwapo jeshi la Rwanda. Uganda nayo iliunga mkono, na baadaye Angola. Jambo hili lilikanushwa miezi mingi, kisha Julai 1997 Paul Kagame mwenyewe akakiri mbele ya mwandishi wa Washington Post kwamba Rwanda ndiyo iliyopanga na kuongoza vita. Raia wa Kivu walijua tangu siku ya kwanza. Walichokuwa hawajui ni nini kitafuata.

Uvira ilianguka katika juma la mwisho la Oktoba. Tarehe 29 Oktoba, Christophe Munzihirwa, askofu mkuu wa Bukavu aliyekuwa amepaza sauti kutetea raia na wakimbizi, aliuawa barabarani mjini mwake. Siku iliyofuata Bukavu ikatekwa. Kisha ikawa zamu ya Goma. Katikati ya Novemba kambi ya Mugunga ilishambuliwa, na watu karibu 500,000 wakageuka kurudi Rwanda kwa miguu, wakaijaza barabara inayokatisha mji hadi Gisenyi kwa siku kadhaa. Wengine, kwa malaki, waliingia msituni kuelekea magharibi. Safari yao ilikuwa mwanzo wa sura nyeusi kuliko zote za vita hivi.

Goma ikawa makao makuu ya uasi. Kabila akahamia kwenye jumba la Mobutu kando ya ziwa, na waandishi wa habari kutoka kila bara wakaja kumsikiliza. Mitaani vijana walikuwa wakijiandikisha.

Mabuti ya mpira hadi Kinshasa

Kadogo walikuwa watoto wa nani? Walikuwa wanafunzi wa sekondari ambao walimu wao hawakulipwa, na wazazi ndio waliowachangia hao walimu. Walikuwa wauza sigara na wasukuma chukudu, wachunga ng'ombe wa Masisi, watoto wa Bukavu, wa Uvira, wa Bunia. Baadhi walichukuliwa kwa nguvu. Wengi walikwenda kwa hiari yao, na hili ni lazima lisemwe, kwa sababu leo kuna tabia ya kuwafuta kabisa kwa kusema walikuwa vibaraka tu. Mtoto wa Goma aliyezaliwa 1980 hakuwahi kumjua rais mwingine. Alikulia katika nchi ambayo askari akisimamisha gari ni kwa ajili ya kunyang'anya, hospitali haina dawa, na barabara waliyoacha Wabelgiji imerudi kuwa njia ya miguu. Alipoambiwa kwamba kuna njia ya kumwondoa mzee wa kofia ya chui, aliacha daftari akaenda.

Mafunzo yalikuwa mafupi na makali. Wakufunzi walichapa fimbo, na wapo waliokufa kambini kabla ya kusikia risasi ya adui. Waliobaki walifundishwa kutembea, na kwa hakika vita vya AFDL vilikuwa vita vya kutembea. Nchi haikuwa na barabara. Magari ya jeshi la Mobutu yalikwama au yaliuzwa. Kadogo walipita msituni kwa miguu, sanduku la risasi kichwani, chakula chao mihogo waliyopewa au waliyochukua vijijini. Malaria na kuhara viliwaua pamoja na risasi. Aliyeanguka alizikwa kando ya njia na wenzake waliokuwa na haraka ya kusonga mbele, na kesho yake hakuna ambaye angeweza kulitambua kaburi lile.

Desemba Mobutu alirudi nyumbani, akapokewa kwa shangwe, lakini shangwe hazikugeuka kuwa jeshi. Alikodi mamluki, Waserbia wengi wao, wakapiga kambi Kisangani. Hawakuzuia chochote. Kisangani ilianguka tarehe 15 Machi 1997. Mwanzoni mwa Aprili Mbuji-Mayi, mji wa almasi, ukafuata, kisha Lubumbashi, mji wa shaba. Mahali pengi askari wa serikali walivua sare kabla kadogo hawajafika. Mwanzoni mwa Mei ndipo vikosi vya Mobutu, vikisaidiwa na wapiganaji wa UNITA kutoka Angola, vilisimama kupigana kwelikweli, pale Kenge, mashariki ya Kinshasa. Watu wengi walikufa Kenge, askari wa pande zote mbili na raia wa mji. Wakati huohuo Nelson Mandela alikuwa akiwakutanisha Mobutu na Kabila ndani ya meli ya jeshi la majini la Afrika Kusini iliyotia nanga Pointe-Noire. Mazungumzo hayakuzaa kitu. Mei 16 Mobutu aliondoka Kinshasa. Mei 17 kadogo wakaingia.

Wakazi wa Kinshasa waliwaona kama Goma ilivyowaona: mstari mrefu kando ya barabara, mabuti ya mpira, nyuso za watoto waliochoka. Wengine waliwapa maji na mkate. Kadogo hawakujua Lingala, na Wakinshasa wengi hawakujua Kiswahili, hivyo walikombolewa na watu wasioweza kusalimiana nao vizuri. Furaha ya siku zile ilikuwa ya kweli, na hofu iliyoifuata ilikuwa ya kweli vilevile.

Anayepewa sanamu na asiyepewa

Kabila aliapishwa tarehe 29 Mei 1997 katika uwanja mkubwa wa michezo wa Kinshasa. Chini ya Mobutu uwanja huo uliitwa Kamanyola, kwa kumbukumbu ya vita vya 1964 huko Kivu ambavyo Mobutu alipenda kujisifia. Utawala mpya ukauita Uwanja wa Mashahidi, kwa heshima ya wanasiasa wanne walionyongwa hadharani na Mobutu mwaka 1966: Évariste Kimba, Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba. Ilikuwa haki kuwakumbuka. Hata hivyo ilionyesha mapema mpangilio wa kumbukumbu utakavyokuwa: jina la mwanasiasa huandikwa, na la kijana aliyebeba sanduku la risasi kutoka Kivu hubaki kwa mama yake.

Waliotia saini Lemera nao hawakudumu pamoja. Kisase Ngandu aliuawa Januari 1997, kwenye barabara za Kivu Kaskazini, wakati jeshi alilotangazwa kuliongoza lilikuwa ndiyo kwanza linaanza safari. Alikuwa ameanza kupinga waziwazi mamlaka ya maofisa wa kigeni, na maelezo yaliyotolewa kuhusu kifo chake hayakuwaridhisha wengi. Masasu alikamatwa, akafungwa, akaachiwa, akakamatwa tena, na Novemba 2000 akapigwa risasi huko Katanga kwa tuhuma za kula njama. Kadogo wa Kivu waliokuwa Kinshasa walimlilia. Wengi wao wakatiwa ndani. Miezi miwili baadaye, tarehe 16 Januari 2001, mlinzi kijana aitwaye Rashidi Kasereka, naye akiwa mmoja wa kadogo kutoka mashariki, aliingia ofisini kwa Kabila na kumpiga risasi. Yeye mwenyewe aliuawa papo hapo. Bugera alikuwa ameshaondoka kitambo na kujiunga na uasi wa pili, ule wa 1998.

Mwaka uliofuata mauaji ya Kabila, Kinshasa ilipata sanamu mbili kubwa zilizotengenezwa na mafundi wa Korea Kaskazini. Moja ni ya Patrice Lumumba, Limete. Nyingine ni ya Laurent Kabila, mbele ya kaburi lake, mkono umeinuliwa. Januari 16 na 17 huadhimishwa kila mwaka kwa ajili yao. Kabila anastahili kukumbukwa, sipingi. Lakini kati ya wanne wa Lemera ni mmoja tu aliyepata jengo la heshima, na chini yake maelfu ya kadogo hawana hata ukuta wa majina. Waswahili husema asiyekuwapo na lake halipo. Kadogo hawakuwapo siku mafundi walipopewa kazi.

Kuna sababu nyingine, nzito zaidi, na mtu wa Goma hawezi kuiruka. Jeshi lililomwondoa Mobutu ndilo lililowafuata wakimbizi wa Kihutu msituni, hadi Tingi-Tingi, hadi Ubundu, hadi Mbandaka kwenye mto Kongo, na watu wengi wasio na silaha, wanawake na watoto, waliuawa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010, iliyochunguza Kongo kuanzia 1993 hadi 2003, iliorodhesha matukio 617 ya ukatili, na mengi ya miaka 1996 na 1997 yalihusishwa na AFDL na washirika wake wa Rwanda. Maofisa ndio walioamuru. Lakini miongoni mwa waliokuwepo walikuwamo kadogo. Sanamu ya mshindi aliyeinua bunduki, ikisimamishwa Kivu, ingekuwa tusi kwa wafu wa Tingi-Tingi. Serikali zilizofuata zikaona ni rahisi kunyamaza kuhusu wote, waliouawa na walioua, na mtoto ambaye huenda alikuwa yote mawili.

Mji wa mapinduzi mengi, na mtu wa chukudu

Goma haikupewa nafasi ya kufikiri. Agosti 2, 1998, vita vya pili vikaanza papa hapa, na redio ya mji ikatangaza uasi mpya. Waasi hao, RCD, waliifanya Goma makao yao makuu hadi 2003. Januari 17, 2002, volkano ya Nyiragongo ikapasuka, lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani, ikala mitaa ya biashara na sehemu ya uwanja wa ndege, na watu zaidi ya 100,000 wakabaki bila nyumba. Walirudi wakajenga juu ya lava ileile kabla haijapoa vizuri. Mwaka 2008 waasi wa CNDP wa Laurent Nkunda walifika hadi milangoni. Novemba 20, 2012, kundi la waasi la M23 liliingia, likakaa siku kadhaa likatoka. Wakati huo lilikuwa limejipa jina la Jeshi la Mapinduzi la Kongo. Mwaka uliofuata jeshi la taifa likalirudisha nyuma, likisaidiwa na kikosi cha Umoja wa Mataifa chenye wanajeshi wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na baadhi yao wakafia katika vilima vya kaskazini mwa mji. Kanali Mamadou Ndala, kamanda ambaye vijana wa Goma walimwimba mitaani, aliuawa karibu na Beni tarehe 2 Januari 2014. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 iliingia Goma tena, na miili iliokotwa mitaani kwa siku nyingi.

Kila aliyeingia alisema amekuja kukomboa. Mji ambao umekombolewa mara nyingi hivi unajifunza kutolipa jina la mapinduzi uzito ambao wenye bunduki wanataka lipewe.

Sanamu ya chukudu ilizinduliwa na Rais Joseph Kabila, mwana wa Laurent Kabila, mwaka 2009, na tangu hapo mahali pale panaitwa mzunguko wa Chukudu. Imepakwa rangi ya dhahabu. Mtu ameinama mbele, misuli ya mguu imekaza, mikono imeshika usukani wa mbao. Chukudu yenyewe kila mtoto wa hapa anaijua: ubao mrefu mzito wa mkaratusi, magurudumu mawili ya mti yaliyozungushiwa mpira wa tairi kuukuu, na katikati kipande cha mpira anapoweka goti dereva, goti moja juu, mguu mmoja ukisukuma ardhi. Hakuna injini. Inateremka kutoka Kibumba ikiwa imebeba magunia ya viazi, makaa na kabichi, uzito ambao pikipiki isingethubutu, na kupanda inasukumwa. Vita vikifunga barabara kwa malori, chukudu hupita. Ndiyo iliyolisha mji wakati wa RCD, na ndiyo iliyohamisha magodoro na masufuria siku za lava.

Sanamu hiyo ni ya haki, na watu wa Goma waliipenda kwa sababu ilikuwa ya kwao. Ilimweka juu mtu ambaye kila utawala ulimtoza kodi na hakuna uliomshukuru. Nami naamini inasema jambo kuhusu kadogo pia, kwa sababu wengi wa kadogo walitoka kwenye chukudu. Ila heshima ya anayefanya kazi haiwezi kuchukua nafasi ya heshima ya aliyekufa. Hayo ni madeni mawili.

Nairobi ilisubiri nusu karne

Majirani zetu wa Kenya walikuwa na swali kama letu. Wapiganaji wa Mau Mau waliingia msituni mwaka 1952, na Waingereza waliwanyonga Waafrika 1,090 katika vita vile. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa mahali ambapo familia yake haikuonyeshwa. Uhuru ulipofika 1963, mtu angedhani sanamu zingefuata mara moja. Hazikufuata. Katika nyumba nyingi za Kenya ya Kati alikuwamo aliyekwenda msituni na alikuwamo mlinzi wa Waingereza, na waliopata madaraka na mashamba hawakuwa wa msituni. Sheria ya kikoloni iliyolipiga marufuku jina la Mau Mau ilibaki vitabuni mpaka 2003.

Kimathi alisimamishiwa sanamu ya shaba nyeusi katikati ya Nairobi, kwenye mtaa wenye jina lake, tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu siku aliyonyongwa. Ana bunduki mkono mmoja na kisu mkono mwingine. Ni sanamu nzuri, na bado ni ya kiongozi mmoja.

Iliyonifunza zaidi ni ya pili, ile ya Uhuru Park, iliyozinduliwa Septemba 2015. Ilitokana na kesi ya wazee waliokwenda mahakamani London kudai haki kwa mateso waliyopata kambini. Mwaka 2013 Uingereza ilieleza majuto yake, ikakubali kuwalipa fidia watu zaidi ya 5,000 na kugharamia mnara wa kumbukumbu. Wazee wenyewe walishiriki kupanga utakavyokuwa. Wangeweza kuomba jemadari juu ya farasi. Walichagua mwanamke anayempa mpiganaji chakula. Ukiisogelea unaona kwamba wawili hao hawatazamani. Kila mmoja amegeuza uso wake pembeni, kwa sababu msituni ilikuwa hivyo: asiyemwona mwenzake hawezi kumtaja akiteswa. Mbele ya sanamu ile unakumbuka vita bila kuambiwa ushangilie. Unaona njaa, woga, uaminifu, na mwanamke ambaye bila yeye msitu mzima ungekufa. Na imewekwa kwa ajili ya walioteswa, si kwa ajili ya waliotawala baadaye.

Kenya ilihitaji miaka zaidi ya 50, kesi mahakamani na wazee wasiochoka. Kitu kimoja haikukihitaji: kukubaliana kwanza kwamba Mau Mau hawakufanya kosa lolote. Walifanya makosa, na wanahistoria wameyaandika. Sanamu iliwezekana kwa sababu ilisimulia ukweli wa watu wadogo.

Deni la Goma

Mwaka 2026 unatimiza miaka 30 tangu Novemba ile. Kadogo walionusurika sasa ni watu wazima wenye mvi za kwanza. Baadhi wamo jeshini, baadhi wanalinda maduka usiku, baadhi wamerudi shambani na wana watoto wa umri waliokuwa nao wao walipobeba bunduki. Wanawajua waliolala nao handakini. Wanaweza bado kutaja nani alianguka wapi: huyu Walikale, huyu karibu na Kisangani, huyu Kenge. Miaka 20 ijayo hawatakuwapo, na majina hayo yatakwenda nao.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya daftari, na haihitaji shaba wala mgeni wa kuzindua. Parokia, misikiti, shule za sekondari zilizopoteza wanafunzi katika muhula mmoja wa 1996, vyuo vya Goma na Bukavu, wanaweza kuanza kuandika majina sasa, mji uwe mikononi mwa yeyote. Jina, mwaka wa kuzaliwa, kijiji, na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Familia nyingi hazikupata barua wala mwili. Zinangoja tu mtu wa kuziuliza. Kongo imeshaanza kukumbuka wahanga wa vita vyake kila Agosti 2, na katika kumbukumbu hiyo mtoto aliyepewa bunduki akiwa na miaka 13 anastahili kuhesabiwa, kwa kuwa kanuni za kimataifa zinamtambua kuwa mhanga kabla ya kumwita mpiganaji.

Kazi ya pili ni sanamu yenyewe, siku amani itakapoiruhusu. Isiwe ya kamanda. Isielekeze bunduki upande wowote, maana popote itakapoelekezwa, Goma ina jirani au ndugu. Ijengwe kwa mawe yetu meusi ya volkano, yale tunayojengea kuta za nyumba, na mafundi wake watoke hapa. Kadogo aonekane alivyokuwa: mtoto ndani ya sare kubwa na mabuti ya mpira, amebeba mzigo uliomzidi. Na ukuta wa majina nyuma yake usiishie kwa kadogo. Uwe na nafasi ya askofu Munzihirwa na waumini wake, ya raia wa Kenge, ya wakimbizi wa Tingi-Tingi ambao hata majina yao hatutayapata yote, ya askari wa Mobutu ambaye naye alikuwa na mama. Mtu akija kutafuta jina la ndugu yake alikute karibu na jina la aliyeuawa na ndugu yake, naye ajue kwamba mji huu umekubali kuyabeba yote mawili.

Wapo watakaosema Goma ina shida kubwa zaidi ya sanamu: maji, umeme, chakula, watu waliohama makwao. Ni kweli, na shida hizo zishughulikiwe kwanza. Lakini mji usioweza kueleza vijana wake walikufia nini mara ya kwanza utaendelea kuombwa vijana wengine. Kila jeshi lililoingia Goma tangu 1996 limewaokota watoto kutoka mitaa ileile, kwa ahadi zilezile, kwa sababu hakuna mahali ambapo mtoto wa miaka 14 anaweza kusimama, akasoma majina ya waliomtangulia, na kuona ahadi hiyo iliishia wapi. Mahali hapo patamlinda mtoto huyo kuliko hotuba yoyote, na ndiyo sababu ya kutosha ya kuanza kuandika majina mwaka huu.